Elimu Haina Mwisho, Ila Mwisho Wake ni Miaka 35

Jamani, kuna swali moja ambalo sisi Wabongo tunalipenda kupita kiasi. Mtu mzima akionekana na daftari mkononi tunamwuliza, "Sasa na umri huo unasoma ili iweje?" Tunauliza huku tunacheka, kana kwamba tumemwonea huruma. Akiwa mwanaume tunamwambia bora hizo hela angenunua bodaboda mbili akala kwa raha zake. Akiwa mwanamke tunamwuliza nani anapika nyumbani. Halafu msimu wa mahafali ukifika tunapiga pasi suti, tunakwenda kuwapongeza watoto wetu, mgeni rasmi anasimama anasema elimu haina mwisho, na sote tunapiga makofi mpaka viganja vinauma.

Leo nataka kugombana na swali hilo. Sitagombana nalo kwa fani zote, maana hapa hatutamaliza. Nachukua fani moja tu, saikolojia ya ushauri nasaha. Na niiweke hoja yangu mapema ili anayetaka kubisha ajipange: kwa kazi ya mshauri nasaha, umri wa mtu si kasoro, ni sehemu ya sifa zake za kazi. Na sisi, kwa masharti yetu ya mikopo, kwa mafunzo ya vitendo yasiyolipwa na kwa ikama zisizo na nafasi, tunawafukuza mlangoni watu wale wale tunaowahitaji.

Mfano wangu ni mtu wa nyumbani. Mama yangu mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Dar es Salaam. Ana miaka 46. Alianza kufundisha akiwa na miaka 22 na cheti chake cha Daraja la IIIA. Stashahada akaisomea akiwa kazini. Shahada ya kwanza akaianza akiwa na miaka 38. Sasa yuko mwishoni mwa shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri nasaha. Tangu aanze kupanda ngazi hizo hajawahi hata mwezi mmoja kuwa mwanafunzi tu, asiye na kazi nyingine. Anasoma saa kumi alfajiri kabla hajawasha jiko. Anasoma kwenye daladala siku akipata kiti, na anasema foleni ya Barabara ya Kilwa ndiyo maktaba yake. Ada analipa kwa awamu: moja ilitoka kwenye mgao wa vikoba, nyingine ilitoka kwa kuku wa mayai, nyingine sijui ilitoka wapi na sikuuliza.

Pale shuleni walipojua anachosomea, wenzake wakapata cha kuchekea. "Mwalimu, unataka uhamie Mirembe?" Msomaji wa Dodoma anajua, na hata asiye wa Dodoma anajua. Kwa wengi wetu saikolojia ni mambo mawili tu: ama kutibu wagonjwa wa akili, ama kusoma mawazo ya watu kwa kuwakazia macho. Mama mdogo hakasiriki. Mimi ndiye ninayekasirika, ndiyo maana naandika.

Nilimwuliza kwa nini hasa alichagua fani hii. Akaniambia kwamba miaka mingi iliyopita aliteuliwa kuwa mwalimu wa malezi shuleni kwake. Sababu ya kuteuliwa? Ni mama, na ana sauti ya upole. Basi. Hakuna mafunzo, hakuna chumba, hakuna kipindi kilichopunguzwa. Watoto wakaanza kuletwa: huyu kaacha kula, yule kabadilika ghafla, mwingine analala darasani kila siku na akiamshwa anashtuka kama mtu anayepigwa.

"Nilikuwa nawapa nasaha, mwanangu," akaniambia. "Nawaambia wawe na subira, wamche Mungu, wasome kwa bidii. Wanaitikia ndiyo mwalimu, wanatoka. Siku moja nikajiuliza, hivi hawa watoto wamenieleza nini? Nikaona hawajanieleza kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nazungumza muda wote."

Hebu msomaji wangu lirudie hilo jibu, maana mambo yote yamo humo.

Neno lenyewe linatupoteza. Ushauri ni kumpa mtu shauri. Nasaha, tuliyoipata kutoka Kiarabu, maana yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo "ushauri nasaha" ni ushauri mara mbili! Na wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza kwenye mambo ya UKIMWI, kwenye mabango ya ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete alizindua kampeni ya kitaifa ya upimaji jijini Dar es Salaam kwa kupima yeye mwenyewe, na tangu hapo neno likaingia kila nyumba. Likaingia limebandikwa kwenye ugonjwa mmoja. Mpaka leo mtu akisikia mshauri nasaha anamwona yule anayekukalisha kwenye benchi kabla ya majibu ya damu.

Kumbe kitu cha kwanza anachofundishwa mwanafunzi wa saikolojia ya ushauri nasaha ni kuacha kushauri. Anafundishwa kusikiliza. Carl Rogers, Mmarekani ambaye mafundisho yake kila mwanafunzi wa fani hii hukutana nayo (na ambaye mwenyewe alianzia kwenye kilimo, akapitia seminari, ndipo akafika kwenye saikolojia), alisema msikilizaji anatakiwa awe na mambo kama matatu hivi: awe mkweli asiyejifanya, amkubali aliyeko mbele yake bila masharti, na aweze kuhisi jambo kama anavyolihisi mwenye nalo. Ukisoma haraka unaona ni mambo mepesi. Jaribu leo jioni kumsikiliza mdogo wako kwa dakika ishirini bila kumwambia "mimi ningekuwa wewe". Utanipa majibu.

Juu ya hapo kuna nadharia, kuna maadili ya kazi, kuna kujua mipaka: huyu naweza kumsaidia kwa mazungumzo, huyu lazima aende kwa daktari wa magonjwa ya akili akapewe dawa. Kuna mafunzo ya vitendo, ambapo mwanafunzi anakaa na watu halisi wenye matatizo halisi chini ya uangalizi wa mzoefu. Huo uangalizi si mapambo. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Sawa, lakini jalala nalo likijaa lazima liende kumwagwa, la sivyo linanuka mtaa mzima. Mshauri anayesikiliza misiba ya watu mwaka mzima bila mtu wa kumsikiliza yeye, atabeba mizigo hiyo mpaka nyumbani kwake.

Najua kuna atakayesema haya mambo ni ya Wazungu, sisi tuna wazee wetu. Kweli tunao. Tuna makungwi na masomo, tuna washenga, tuna wajumbe wa nyumba kumi, tuna masheikh na wachungaji. Penye wazee haliharibiki jambo. Siwadharau hata kidogo, wamezuia talaka nyingi na mapanga mengi. Lakini tuwe wakweli. Kungwi anamfundisha mwali kile ambacho ukoo unataka ajue. Mshenga anataka ndoa isimame, hata kama ndani ya ndoa hiyo kuna mtu anavunjwa mbavu. Mzee wa ukoo anaangalia jina la ukoo. Kila mmoja ana upande wake hata kabla hujakaa kwenye mkeka. Na siri? Ukimweleza mzee mmoja asubuhi, kufikia alasiri kikao kinajua. Mshauri aliyesomea kazi hii amefungwa na maadili: unachosema kinabaki pale, isipokuwa kama kuna maisha yaliyo hatarini. Hilo mtaani hatuna.

Kwa hiyo kumbe tunahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja. Tunahitaji mafunzo ambayo wazee wetu hawakuyapata, na tunahitaji ule uzito wa maisha ambao kijana wa miaka 23 bado hajaupata. Sisemi kijana hawezi. Kuna vijana wenye masikio kuliko babu zao, na kuna mambo ambayo kijana mwenzake atamweleza yeye tu. Lakini mchukue mjane wa miaka 52 aliyetolewa ndani ya nyumba na mashemeji. Mchukue baba aliyepunguzwa kazini na hajathubutu kumwambia mkewe, kila asubuhi anavaa tai anatoka. Mkalishe mbele ya binti aliyemaliza chuo mwezi uliopita. Atamwitikia kwa adabu, atasema "sawa binti yangu", atanyanyuka na mzigo wake kama alivyokuja nao. Wala si kosa la binti. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa hamvulii nguo mdogo.

Sasa twende Zimbabwe kidogo, maana huko jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Familia ilikuwa inataka kumrudisha hospitali, ikakosa nauli ya basi, dola kama 15. Chibanda akaona hospitali haiwafikii watu. Mwaka 2006 akaanza na akina bibi 14 wa Mbare, mtaa wa watu wa hali ya chini pale Harare. Akawafundisha mbinu ya kumsaidia mtu kutatua tatizo lake hatua kwa hatua, wakakaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakutumia maneno ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo".

Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, likachapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu 573 katika zahanati za Harare. Baada ya miezi 6, waliokaa na wahudumu wale wa benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14. Waliopata huduma ya kawaida ya zahanati ilikuwa karibu asilimia 50. Soma tena hizo namba! Benchi hilo limeshavuka mipaka, limefika Malawi na hata Zanzibar.

Ila tusiruke hatua. Wale bibi hawakuokotwa barabarani na kuambiwa haya shaurini. Walifundishwa, na nyuma yao kulikuwa na wataalamu wa kuwasimamia na kupokea kesi ngumu. Na hapa ndipo ninapomtaka mtu kama mama mdogo. Nchi ikitaka mabenchi ya namna hiyo, nani atawafundisha hao bibi? Nani atawasikiliza wao wakijaa? Anatakiwa mtu mwenye shahada mkononi ambaye bibi wa miaka 65 atamwita "mwanangu" na bado akampa heshima ya mwalimu. Watu hao wapo. Wako madarasani wanafundisha, wako wodini ni wauguzi, wako kwenye ofisi za ustawi wa jamii, wana miaka 38, 42, 50, na wanataka kusoma.

Cha kushangaza ni kwamba nchi yetu iliwahi kulielewa jambo hili kuliko wengine. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma iliamua kwamba mtu akimaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja, kwanza akafanye kazi. Uamuzi ule ulikuwa na matatizo yake na baadaye ukalegezwa, sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba kulikuwa na wakati ambapo kwa Mtanzania, kufika chuo ukiwa umeshafanya kazi ilikuwa ni sifa. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, mahususi ili mtu asome bila kuacha kazi wala familia. Wazo lilikuwa zuri, na limewavusha watu wengi.

Sasa tumefika wapi? Chukua mwongozo wa mikopo ya elimu ya juu wa mwaka 2023/2024. Miongoni mwa sifa za mwombaji: awe na umri usiozidi miaka 35, na asiwe na kipato kutokana na ajira. Huo ndio mwisho wa ile elimu isiyo na mwisho. Mtu wa miaka 36 aliyeamua kuanza shahada ya kwanza, hata kama hana kazi na nyumba yake inavuja, hana pa kugonga. Mwenye kazi naye, hata kama ni mshahara unaoisha tarehe 12, anaambiwa anajitosheleza.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga, kwa hiyo niijibu kwa heshima. Wanasema fedha ni kidogo, kijana wa miaka 20 atalitumikia taifa miaka 40 na atalipa deni, mtu wa miaka 40 amebakiza miaka 20 tu kabla ya kustaafu. Kwa mhandisi labda. Kwa mshauri nasaha hesabu hiyo haifanyi kazi. Kwanza, mtu huyu mzima mara nyingi yuko kazini tayari, mshahara wake unajulikana ulipo, makato yanaanza mwezi ujao. Kijana wa miaka 24 anayesubiri ajira mtaani utamkata nini? Pili, mshauri nasaha hastaafu magoti yakichoka. Anaweza kusikiliza akiwa na miaka 70, pengine vizuri zaidi. Tatu, yule mwalimu unayemnyima mkopo anaendelea kufanya kazi ya unasihi bila mafunzo. Hukuokoa fedha hapo. Umeamua tu kwamba watoto waendelee kupewa subira na maombi.

Wapo pia wanaosema mtu mzima hafundishiki, amekomaa kama mti wa mwarobaini, atawaletea wateja "enzi zetu". Hilo nalikubali nusu. Ni hatari ya kweli, na ndiyo maana nasema umri peke yake hautoshi. Lakini dawa ya hatari hiyo ni yale mafunzo yenyewe! Huwezi kumnyima mtu shule kisha ukamlaumu kwamba hakusoma.

Lango la pili ni mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi wa fani hii anatakiwa kutimiza saa nyingi za kukaa na wateja. Hazilipwi. Kwa kijana anayeishi kwa wazazi ni usumbufu. Kwa mama mwenye watoto watatu na kazi ya kutwa, ni kuchagua kati ya saa hizo na mkate. Mama mdogo alimaliza likizo zake mbili ndani ya hospitali moja hapa jijini. Chumba alichopewa ni stoo ya makaratasi, mlango hakuna, kuna pazia. Akaambiwa azungumze kwa sauti ya chini. Nilimwuliza waliokuja walikuwa na matatizo gani. Akacheka. Amenisimulia kuhusu stoo, pazia na kiti chenye mguu mmoja mfupi, lakini mpaka leo hajanisimulia neno moja kuhusu waliokikalia. Nikajua huyu ameiva.

Lango la tatu liko kwa mwajiri. Alipoandika barua kuomba elimu yake mpya itumike, Afisa Utumishi alimjibu kwa upole kabisa kwamba ikama haina nafasi hiyo, aendelee na vipindi vyake. Kwa hiyo atakuwa na uzamili wa saikolojia na kazi yake itakuwa ni kufundisha hisabati darasa la nne. Hisabati ni kazi ya heshima. Lakini shule ile ile bado ina mwalimu wa malezi anayeteuliwa kwa upole wa sauti.

Na hapa sizungumzii mambo ya anasa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 duniani walikufa kwa kujiua, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Kwetu, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimeandika kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Yaani mtu aliyeponea chupuchupu anaamka na hofu mbili, ya maisha na ya polisi. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinakiuka katiba Januari 2025. Mtu wa hivyo anahitaji mtu wa kumweleza ukweli bila kuogopa. Vilevile mnakumbuka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini msichana anayeacha mtoto mchanga nyumbani akarudi kukaa dawati moja na waliokuwa wakimcheka, nani anamsubiri pale shuleni? Tumemfungulia geti, na ndani ya geti hatukumwekea mtu.

Pengo likiwa kubwa namna hii huwa halibaki tupu. Limejazwa. Fungua Instagram uone. Kuna mshauri wa ndoa ambaye ujuzi wake ni kuachika mara mbili. Kuna mhamasishaji anayekuuzia siri ya furaha kwa njia ya simu, lipia kwanza. Kuna redio ambako mtu anapiga simu analia moja kwa moja hewani, mtangazaji anamsomea hukumu kwa dakika tatu kisha tunakwenda matangazo. Kibao cha "mshauri" ukikitundika leo mlangoni, ni nani mtaani atakayekuuliza cheti? Wakenya mwaka 2014 walipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Sheria peke yake haimalizi matapeli, lakini angalau inampa mteja pa kuuliza: huyu ni nani, alisoma wapi, nikidhulumiwa niende wapi?

Kwa hiyo mtu aliyelala saa nne za usiku kwa miaka kadhaa ili aifanye kazi hii kwa haki, akimaliza anakuta tapeli ameshakodi fremu, ana wafuasi laki tatu na gari. Halafu sisi tunamgeukia yeye, si tapeli, tunamwuliza "na umri huo unasoma ili iweje?"

Ninachotaka si kikubwa. Kwanza, kikomo cha umri kwenye mikopo kiondolewe kwa fani ambazo uzoefu wa maisha ni sehemu ya kazi, na mwenye mshahara aruhusiwe kukopa na kukatwa hapo hapo. Pili, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya vitendo apewe hata nauli na chakula, na mteja apewe chumba chenye mlango. Mlango ni ubao na bawaba, haihitaji mfadhili. Tatu, kila halmashauri itenge nafasi za washauri nasaha kwenye ikama yake, ianze na shule zenye wanafunzi wengi, na waliomo ndani ya utumishi waliosomea kazi hii wafikiriwe kwanza. Nne, tutunge sheria yetu ya kuwasajili na kuwasimamia, tukijifunza kwa waliotutangulia.

Na wewe msomaji unayejiona umesoma, una la kufanya kabla ya bunge kukaa. Ukienda kwa mshauri, muulize alisomea wapi, nani anamsimamia, na siri yako analindaje. Asiyependa maswali hayo, mwache na fremu yake. Na ukiwa na shangazi, mjomba au mwalimu wako wa zamani aliyerudi shule, usimchekee. Mnunulie bando la intaneti, mpigie chapa kazi yake, kaa na watoto wake Jumamosi akafanye mtihani.

Anayebisha aje na hoja. Nawasilisha.